Kuomba kazi za udereva, uhazili, masjala na utendaji wa kijiji serikalini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa vijana wa Dodoma, Singida na wilaya za jirani wenye kidato cha nne na cheti au stashahada ya fani, wanaotaka kuingia serikalini kupitia kada za chini: dereva, mwandishi mwendesha ofisi, msaidizi wa kumbukumbu, mtendaji wa kijiji au mtaa, mpishi, mhudumu. Nimekaa na waombaji wengi mbele ya kompyuta. Wengi wao wana sifa kamili, lakini wanaanguka kwenye vyeti kabla hata ya kuuona mtihani, na inauma. Kwa hiyo nimekaa zaidi kwenye vyeti kuliko mahali pengine.

Nafasi zinatangazwa wapi, na nani hasa anaajiri?

Chombo kinachoendesha mchakato ni Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Ilianzishwa kupitia marekebisho ya mwaka 2007 ya Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya 2002, na ofisi zake ziko hapa Dodoma, majengo ya Dk. Asha-Rose Migiro, eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma. Maombi yote yanaingia kwenye mfumo wake wa Ajira Portal.

Halmashauri nazo hutangaza nafasi zake. Mkurugenzi akishapata kibali cha ajira kutoka Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora, tangazo linabandikwa kwenye ubao wa halmashauri na kuwekwa kwenye tovuti yake. Barua unamwandikia mkurugenzi, lakini unaituma kwa mfumo uleule. Bahasha iliyopelekwa mkononi Bahi au Mpwapwa haitahesabiwa kama tangazo limesema maombi yapite kwenye mfumo.

Mara nyingi dirisha hukaa wazi kama wiki mbili tu. Anayesubiri tangazo ndipo aanze kutafuta cheti cha kuzaliwa, kwa kawaida anachelewa.

Polisi, Magereza na Zimamoto je?

Hao wana taratibu zao za kuajiri na matangazo yao. Usiwatafute huku.

Nina cheti cha darasa la saba tu. Naweza kuomba udereva?

Hapana. Tangu Mei 20, 2004 sharti la kuajiriwa serikalini ni elimu ya kidato cha nne. Waajiriwa wa darasa la saba unaowaona bado wako kazini waliingia kabla ya tarehe hiyo, na mwaka 2018 Serikali ilielekeza waliokuwa wameondolewa kimakosa warudishwe. Wewe unayeanza leo, njia iliyopo ni kusoma kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, Baraza la Mitihani (NECTA) wakupe namba, ufanye mtihani. Wapo watu wazima wanaofanya hivyo kila mwaka na hakuna aibu yoyote ndani yake.

Kila kada inataka sifa gani?

Soma tangazo lenyewe, maana ndilo litakalotumika kukuchuja. Lakini kwa sehemu kubwa matangazo ya miaka ya karibuni yanasema hivi:

Dereva Daraja la II: cheti cha kidato cha nne, leseni daraja E au C ambayo umeifanyia kazi ya kuendesha kwa angalau mwaka mmoja bila kusababisha ajali, na cheti cha mafunzo ya msingi ya udereva kutoka VETA au chuo kingine kinachotambuliwa na Serikali. Vijana wengi wana leseni daraja D, ile ya gari binafsi. Wanaendesha vizuri kweli, lakini D peke yake haikidhi sharti hili.

Mtendaji wa Kijiji au Mtaa Daraja la III: kidato cha nne au cha sita, na astashahada ya ngazi ya tano katika fani kama utawala, sheria, maendeleo ya jamii au usimamizi wa fedha, kutoka Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo au chuo kingine kinachotambuliwa. Hombolo iko hapahapa Dodoma, na kwa mtoto wa mkoa huu hiyo ni nafuu kubwa ya nauli na pango.

Msaidizi wa Kumbukumbu Daraja la II: stashahada ya masjala au utunzaji wa kumbukumbu. Chuo cha Utumishi wa Umma kina kampasi Singida na Tabora.

Mwandishi Mwendesha Ofisi Daraja la II, kada ambayo wengi bado wanaiita katibu mahsusi: stashahada ya uhazili, hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza kwa kasi ya maneno 100 kwa dakika, na uwezo wa kutumia programu za ofisi za kompyuta.

Kwa zote: uwe raia wa Tanzania mwenye umri usiozidi miaka 45, isipokuwa kama tayari uko serikalini. Aliyeko serikalini anapitisha barua yake kwa mwajiri wake.

Niambatanishe vyeti gani?

Cheti cha kuzaliwa, cheti halisi cha kidato cha nne (na cha sita kama unacho), cheti cha fani, leseni kwa dereva, maelezo binafsi yenye simu inayopatikana na wadhamini watatu, pamoja na barua iliyosainiwa.

Matangazo yanasema wazi kwamba hati za matokeo za kidato cha nne na sita, matokeo ya muda na barua za kuthibitisha kuhitimu havikubaliki. Kinachotakiwa ni cheti chenyewe. Wapo wanaoambatanisha karatasi ya matokeo waliyopewa na mkuu wa shule kwa sababu cheti hawajakifuata, miaka mitano baada ya kumaliza. Cheti kiko shuleni, kabatini. Nenda kakichukue wiki hii.

Cheti cha kuzaliwa kithibitishwe na wakili au mwanasheria. Mimi nashauri vyote vigongwe muhuri, halafu uviskani vikiwa na muhuri. Zingatia namna ya kuskani: picha ya simu ikipigwa juujuu, kivuli cha kichwa kinaangukia kwenye jina la shule, na kona yenye muhuri inakatika. Anayehakiki hana njia ya kukupigia akuulize. Anaona muhuri haupo, anaandika sababu, anaenda kwa mwombaji anayefuata. Kila ukimaliza kupakia, fungua faili ulilolipakia, likuze, na ujisomee jina lako, namba ya mtihani, mwaka na muhuri. Kama wewe husomi, hata yeye hatasoma.

Kosa lingine ni kupakia faili mahali pasipo pake. Cheti cha VETA kikiwekwa kwenye sehemu ya kidato cha nne, mfumo unakipokea bila kulalamika, lakini kwa mhakiki huna kidato cha nne.

Usijaribu kughushi. Aprili 28, 2017, kwenye ukumbi wa Chimwaga hapa Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki iliyobaini watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na waliondolewa kazini. Wengine walikuwa na miaka mingi ya utumishi. Tangu hapo vyeti halisi huangaliwa siku ya usaili, na huangaliwa tena unaporipoti kwa mwajiri.

Majina yangu hayafanani kwenye vyeti. Nifanye nini?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote. Shuleni anaitwa Mariamu, NIDA, wanaotoa kitambulisho cha taifa, wameandika Mariam. Au kidato cha nne kina majina mawili, cheti cha kuzaliwa kina matatu. Au mama aliyeolewa alijiandikisha NIDA kwa jina la mume.

Jibu linategemea tofauti ni ya namna gani na kosa liko wapi. Kama NIDA ndio waliokosea herufi, nenda ofisi yao ya wilaya na cheti cha kuzaliwa pamoja na cheti cha shule, waombe marekebisho. Kama jina limebadilika kweli, unahitaji hati ya kubadili jina iliyoandaliwa na wakili na kusajiliwa na mamlaka husika. Matangazo ya kuitwa kwenye usaili yanasisitiza isajiliwe. Karatasi ya kiapo iliyoishia mezani kwa wakili imewakwamisha watu getini wakiwa wameshafika.

Ukishaipata, ipakie pamoja na vyeti vingine na uibebe siku ya usaili. Usisubiri uitwe ndipo uanze kuishughulikia, kwa sababu kati ya tangazo la kuitwa na tarehe ya usaili siku huwa chache.

Ni lazima niwe na kitambulisho cha NIDA mkononi?

Kufungua akaunti kunataka namba, ile yenye tarakimu 20 inayoanza na tarehe yako ya kuzaliwa. Kadi ikichelewa, namba inatosha kwa hatua hiyo. Tumia barua pepe yako mwenyewe na namba yako ya simu, si ya mwenye steshenari. Watu wamebadilishiwa nenosiri, au duka limehama, na hawana tena njia ya kuingia kwenye akaunti zao.

Barua iandikwe vipi?

Fupi, Kiswahili au Kiingereza, ukurasa mmoja. Anwani yako juu kulia, tarehe, kisha anwani ya mwajiri kama ilivyoandikwa kwenye tangazo. Kichwa kitaje kada na daraja: YAH: MAOMBI YA KAZI YA DEREVA DARAJA LA II. Aya ya kwanza itaje tangazo na kumbukumbu namba yake. Ya pili iseme elimu, leseni na uzoefu wako. Ya tatu iseme uko tayari kwa usaili. Kisha saini kwa kalamu, skani, pakia. Jina lililochapwa bila saini halihesabiki kuwa saini.

Barua ya kunakili utaigundua mwenyewe ukiisoma kwa sauti. Nimeona barua ya kuomba Chamwino ikimsalimu mkurugenzi wa Kilosa.

Kuna mtu ananiambia nimpe laki tano anipitishe. Ni kweli?

Si kweli, na usitoe. Kuomba kazi ni bure tangu mwanzo hadi barua ya kupangiwa kituo. Gharama zako ni wakili, intaneti, nauli na chakula.

Angalia wanavyofanya. Wanachukua majina kwenye orodha ya walioitwa, ambayo iko wazi kwa kila mtu, wanakupigia wakijiita maofisa, wanakutajia kada yako na tarehe yako ya usaili ili uamini. Wengine wanapokea fedha za watu wengi na kukaa kimya. Watakaofaulu kwa juhudi zao watadhani wamesaidiwa, na hawatalalamika. Ambao hawakufaulu wataambiwa bosi amebadilishwa. Wazazi wa vijijini wameuza mbuzi na magunia ya alizeti kwa ajili ya watu hawa, na hilo linanikera kuliko jambo lolote katika safari hii.

Kutoa rushwa ni kosa sawa na kupokea, kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa Na. 11 ya 2007. TAKUKURU wanapatikana kwa namba 113, bila malipo. Hifadhi ujumbe na namba aliyokupigia nayo.

Sijaona jina langu kwenye orodha. Ndiyo basi?

Ingia kwenye akaunti yako uangalie hali ya ombi na sababu iliyoandikwa. Kama ni cheti kilichokosekana, rekebisha leo, usingoje tangazo lijalo. Orodha zenyewe husema kwamba ambao majina yao hayakuonekana hawakukidhi vigezo na wasisite kuomba tena. Chukulieni maneno hayo kwa uzito, kwa sababu akaunti yako inabaki na kila tangazo linaanza upya.

Usaili una hatua ngapi?

Kwa kawaida kuna mchujo wa kuandika, kisha vitendo kwa kada zinazohitaji (dereva, mwandishi mwendesha ofisi, mpishi), kisha mahojiano ya ana kwa ana. Anayefaulu hatua moja ndiye anayeenda nyingine. Siku hizi mchujo wa baadhi ya kada unafanyika kwenye kompyuta, na watu hupangiwa vituo karibu na wanakoishi. Kwa hiyo sasisha makazi yako ya sasa kwenye akaunti: aliyehama kutoka Dar es Salaam kuja Manyoni bila kubadilisha taarifa anaweza kujikuta amepangiwa Dar.

Namba ya mtihani iko kwenye akaunti yako. Inakili kwenye karatasi kabla ya kusafiri.

Nisome nini?

Dereva asome Sheria ya Usalama Barabarani, alama zote, na kazi za dereva wa Serikali kama zilivyo kwenye tangazo: kukagua gari kabla na baada ya safari, matengenezo madogo, kujaza daftari la safari, kupeleka na kupokea nyaraka. Kwenye vitendo, wengi wanakimbilia usukani. Msimamizi anaanza kukuhesabia maksi tangu ulipokaribia gari. Zunguka gari lote kwanza. Angalia upepo wa matairi, na kama kuna tone lolote chini ya injini. Fungua boneti, chomoa kijiti cha oili, kifute, kirudishe, kichomoe tena ndipo usome. Angalia maji ya rejeta injini ikiwa ya baridi. Uliza kilipo spea tairi, jeki na spana. Ukiingia ndani, kiti, vioo, mkanda, gia huru, ndipo uwashe. Usiharakishe, na useme kwa sauti unachofanya ukiulizwa.

Mtendaji wa kijiji aanze na Katiba, ibara ya 145 na 146 zinazohusu serikali za mitaa, kisha Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982. Ujue tofauti ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi, na halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25. Ujue kwamba mtendaji ndiye katibu wa vikao na mtendaji mkuu wa serikali ya kijiji, wala si mwenyekiti wa pili. Soma Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, maana migogoro ya wakulima na wafugaji ipo sana kanda hii na wasaili wanapenda kuuliza: mifugo imeingia shambani usiku, watu wamekusanyika na fimbo, wewe ni mtendaji, unaanza na nini? Jibu zuri linaanza na usalama wa watu, mwenyekiti na polisi, halafu tathmini ya hasara. Hotuba kuhusu amani haitakupa maksi. Kama una nafasi, nenda kijijini kwenu uombe kukaa kwenye mkutano mkuu mmoja, usikilize mapato na matumizi yakisomwa. Utajifunza zaidi kuliko kwenye makabrasha ya maswali ya kukariri yanayouzwa.

Wa masjala asome Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya 2002, namna ya kufungua jalada, kupanga kwa namba, kufuatilia jalada lililotoka, na siri za ofisi. Wa uhazili afanye mazoezi ya kuchapa kila siku. Hakuna njia ya mkato ya kasi ya vidole.

Wote msome maadili ya utumishi wa umma.

Usaili uko Dodoma na sijawahi kufika. Nijipange vipi?

Nauli, malazi na chakula ni juu yako. Tangu Julai 2024 treni ya umeme inafika Dodoma kutoka Dar es Salaam. Mabasi yanashusha stendi ya Nanenane. Fika siku moja kabla.

Kama kituo ni UDOM, soma tangazo uone ni ndaki (college) ipi. Chuo kile ni kikubwa, ndaki ziko mbalimbali, na mtu aliyeshushwa Ndaki ya Elimu wakati mtihani uko kwingine anatembea juani muda mrefu huku wenzake wameshaketi. Mwulize dereva wa bodaboda kwa jina la ndaki; ukimwambia "UDOM" tu hujamwelekeza. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi za Dodoma zina baridi na upepo, beba sweta.

Beba vyeti halisi vyote kuanzia cha kuzaliwa, na kitambulisho: cha taifa, cha mpiga kura, hati ya kusafiria au leseni. Simu iache kwa mwenyeji wako, usiingie nayo ukumbini.

Nina ulemavu. Je, nitazingatiwa?

Ndiyo, matangazo yanawahimiza watu wenye ulemavu kuomba, na kuna sehemu ya kujaza kwenye mfumo. Jaza ukweli, aina ya ulemavu na unachohitaji, ili kituo kiandaliwe. Wengine wanaficha wakihofia kubaguliwa, halafu wanafika kwenye chumba cha ghorofani bila msaada wowote.

Ninanyonyesha. Nije na mtoto?

Njoo na mtu wa kumshika nje ya chumba. Mnyonyeshe kabla ya kuingia.

Nimefaulu mahojiano lakini sijapangiwa kituo. Maana yake nini?

Waliofaulu wamezidi nafasi. Majina ya ziada huhifadhiwa kwenye kanzidata kwa muda maalumu, na nafasi ya kada hiyo ikipatikana wanapangiwa bila usaili mpya. Simu yako iwe hewani, na uendelee kuomba nafasi nyingine wakati huohuo.

Mshahara ukoje?

Unalipwa kwa ngazi iliyotajwa kwenye tangazo, mfano TGS B kwa dereva na mtendaji wa kijiji. Mei Mosi ya 2025, iliyofanyika kitaifa Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kima cha chini kwa watumishi wa umma kupanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai mwaka huo. Ukishaanza utakatwa asilimia 5 ya mfuko wa pensheni wa PSSSF (mwajiri anachangia 15) na asilimia 3 ya bima ya afya ya NHIF, pamoja na kodi ya mapato.

Nimepangiwa kituo mbali na nyumbani. Nianzie wapi?

Barua ya kupangiwa kituo inapatikana kwenye akaunti yako. Ichape, soma tarehe ya mwisho ya kuripoti, na uripoti ndani ya muda huo, kwa sababu ukipita, nafasi yako anaweza kupewa mwingine. Nenda na vyeti halisi kuanzia kidato cha nne, maana mwajiri anavihakiki kabla ya kukupa barua ya ajira. Mshahara wa kwanza unaweza kuchelewa wakati taarifa zako zinaingizwa kwenye mfumo, hivyo ondoka nyumbani na fedha ya kula na pango la mwezi au miwili, hata kama ni ya kukopa kwa ndugu. Utakuwa kwenye majaribio kwa miezi 12 kabla ya kuthibitishwa. Nakala ya barua ya ajira iache kwa wazazi au mwenza wako, na nyingine ihifadhi kwenye barua pepe.